Hotuba ya Kamati Siku ya Kumbukumbu: Moshi na Mlima



Wengi wetu tulivuka Mpondwe tukapokewa Bwera. Tulikimbia bunduki. Mwezi Mei 2020, wenyeji wetu wa Kasese nao walikimbia, lakini wao walikimbia maji. Mto Nyamwamba ulifurika, kama ulivyofurika tarehe 1 Mei 2013, ukabomoa hospitali ya Kilembe. Familia nyingi ziliishi miaka katika kambi ya Muhokya. Kumbe mtu anaweza kupoteza makao yake bila kuvuka mpaka.

Mvua kubwa imekuwako tangu zamani, lakini sasa inaongezewa nguvu. Viwanda, magari na mitambo ya umeme inayochoma makaa ya mawe na mafuta hutoa hewa ya ukaa. Hewa hiyo hufunika dunia kama blanketi: joto linaingia, kutoka linachelewa. Kabla ya viwanda, katika kila sehemu milioni 1 za hewa, 280 hivi zilikuwa hewa ya ukaa. Mwaka 2024 zilizidi 420. Na hewa ikipata joto hubeba mvuke zaidi, karibu asilimia 7 kwa kila nyuzi 1. Mvuke huo ukigeuka mvua, unamwagika kwa wingi.

Mlima nao unatoa ushahidi. Wakonzo huita theluji nzururu, na ndipo lilipotoka jina la Rwenzururu. Mwaka 1906 barafu ya huko juu ilikuwa zaidi ya kilomita za mraba 6. Mwaka 2003 ilibaki chini ya 1.

Ndugu zetu, mara nyingi tunasikia kwamba mkimbizi ndiye anayeharibu mazingira. Tuseme ukweli wote. Uganda nzima, wenyeji na wakimbizi pamoja, haifikishi hata sehemu 1 katika 100 ya gesi hizo zinazotolewa duniani. Jiko letu la mafiga matatu halikumaliza theluji ya Rwenzori.

Lakini tusijifiche nyuma ya ukweli huo. Mti tukiukata mtelemkoni, mvua hubeba udongo hadi mtoni, mto hujaa mchanga, na maji hutafuta njia nyumbani kwa jirani. Kosa hilo ni letu, na dawa yake tunayo.

Kwa hiyo sisi tunaahidi kutokata mti kando ya mto, na kupanda na kutunza miche. Nanyi wa mashirika, tunawaomba majiko yanayotumia kuni kidogo, na msipime viwanja vya hema penye mkondo wa maji. Kwa wale wenye viwanda vikubwa, tufikishieni ujumbe huu: moshi ni wao, lakini mafuriko yanatupata sisi.