Muuguzi Mbele ya Hakimu



Nimeombwa niseme juu ya uuguzi na sheria. Wenzetu wa Marekani wana chama cha wauguzi wa kazi hiyo tangu 1992. Kwetu kazi huanzia kwenye karatasi moja, PF3 ya polisi. Daktari ndiye huijaza, lakini anayetangulia kumwona majeruhi mara nyingi ni muuguzi. Na majeruhi hatuwakosi: barabara kuu ya Zambia yapita katikati ya Hifadhi ya Mikumi, na Desemba 2000, huko Rudewa, Kilosa, ugomvi wa wakulima na wafugaji uliua watu zaidi ya 30.

Andika ulichokiona: urefu wa jeraha, mahali lilipo, saa. Usiandike “amepigwa”, andika “asema amepigwa”. Nguo yenye damu ianikwe kivulini, itiwe katika mfuko wa karatasi, si wa nailoni, maana unyevu huozesha ushahidi. Kila aipokeaye atie sahihi.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 humpa mshtakiwa haki ya kutaka aliyeandika ripoti aitwe, ahojiwe. Asipoelezwa haki hiyo, PF3 huondolewa katika ushahidi, yakabaki maneno ya mashahidi tu. Hapo hata muuguzi aweza kuitwa.

Wenye nia wasome Baiolojia na Kemia, na watengeneze mwandiko. Wapo wenzangu walioshindwa kuusoma wa kwao wenyewe mbele ya hakimu.