Pwani Yetu Haisomeki kwa Elimu Moja



Ndugu vijana, wazazi wetu wapendwa, na wewe msomaji uliyeshika jarida hili huku ukingojea adhana ya magharibi. Ramadhan ni mwezi wa kujihesabu, na mtu anapojihesabu hukutana na swali ambalo sisi watu wa Pwani tumekuwa tukiulizana tangu zama za babu zetu: sisi ni nani, na tumetoka wapi?

Mwajua wenyewe swali hili linavyouma. Kijana anapeleka posa, na kabla hajaulizwa swala wala kazi anaulizwa, "Wewe wa ukoo gani?" Mwingine anatembea zake mjini anaambiwa arudi Arabuni alikotoka, na yeye Arabuni hajawahi kupaona. Mmoja anajivunia Ushirazi. Mwingine anasema Ushirazi ni hadithi tu za kujipa ukubwa. Na kila mmoja ana ushahidi wake mmoja ambao kaushika kwa mikono miwili, hataki kuuachia.

Basi leo nataka tuangalie jinsi wataalamu wa elimu mbalimbali walivyolishughulikia swali hili kuanzia Lamu mpaka Kilwa. Utaona kwamba kila elimu ina kipande chake cha jibu, na kipande kimoja kikisimama peke yake hupotosha.

Jembe la mchimbaji

Tuanze na akiolojia, yaani elimu ya kuchimba na kusoma mabaki ya kale. Kwa miaka mingi wataalamu wengi wa enzi za ukoloni walisema kwamba miji yetu ya mawe ilijengwa na wageni waliotoka ng'ambo, na kwamba Mwafrika alikuwa mtumishi tu humo. Maneno haya yaliingia vitabuni, na watoto wakasomeshwa hivyo.

Kisha kati ya mwaka 1980 na 1988, Mark Horton na wenzake walichimba Shanga, mji uliohamwa katika kisiwa cha Pate. Waliuchimba msikiti wa Ijumaa wa mawe, wakateremka tabaka baada ya tabaka. Chini ya msikiti ule wakakuta mwingine, na chini yake mwingine. Walipofika chini kabisa wakakuta alama za nguzo za miti. Ulikuwa msikiti mdogo wa miti, wa karne ya 8, yaani miaka mia na kidogo tu baada ya Hijra.

Mtu atauliza: wamejuaje ni karne hiyo? Kiumbe chochote kilicho hai, mti au mnyama, huwa na aina ya kaboni ambayo huanza kupungua pindi kinapokufa. Kila baada ya miaka 5,730 nusu yake huwa imekwisha. Kwa hiyo ukipata kipande cha makaa ya kuni za zamani, fundi wa fizikia anaweza kukadiria mti ule ulikatwa lini. Mchimbaji naye anaangalia vigae vya vyombo vilivyoletwa kutoka Ghuba ya Uajemi na Uchina, ambavyo wakati wake wa kutengenezwa wajulikana. Makaa na vigae vikikubaliana, tarehe inakuwa na nguvu.

Na vigae vilisema jambo jingine. Katika matabaka ya chini ya Shanga, vyungu vingi vilikuwa vya kienyeji, vyenye nakshi ya pembetatu. Vyungu vya namna hiyo hupatikana pwani nzima na hata bara. Hivyo waliokuwa wakipika Shanga walikuwa na mafundi wale wale wa majirani zao wa bara. Mji haukushushwa mzima mzima kutoka jahazini.

Tena kumbuka Ibn Battuta, aliyepita Mombasa mwaka 1331. Aliandika kwamba misikiti ya watu wa hapo ilikuwa ya miti na imejengwa kwa ustadi. Kitabu na ardhi vimesema kitu kimoja: kwetu msikiti wa miti haukuwa aibu, na historia ya Uislamu hapa haikuanza na mawe.

Ushahidi ulio mdomoni mwako

Sasa tuache jembe, twende kwa wanaisimu. Hawa hawachimbi. Wao wanasikiliza. Mwaka 1993 Derek Nurse na Thomas Hinnebusch walitoa kitabu kikubwa kuhusu historia ya Kiswahili na lugha ndugu zake. Walionyesha kwamba Kiswahili, lugha za Wamijikenda, Kipokomo, Kiilwana na lugha za Ngazija ni watoto wa mama mmoja. Lugha hizo wanaziita kundi la Sabaki.

Hebu jaribu mwenyewe hapo ulipo. Hesabu: moja, mbili, tatu, nne, tano. Mwambie rafiki yako Mgiriama naye ahesabu. Utasikia mbiri, tahu, nne, tsano. Huo ni udugu, haukuazimwa dukani. Sasa endelea: sita, saba, tisa. Hizo tatu ni za Kiarabu. Na ukienda ufukweni, maneno bandari na nahodha yana asili ya Kiajemi. Kwa hiyo uti wa mgongo wa lugha yetu ni wa Kibantu, na juu yake kuna maneno tuliyoyapata baharini, sokoni na chuoni.

Lakini hapa pana mtego. Kuna waliosema: lugha ni ya Kibantu, basi hadithi za kutoka Shiraz ni uongo mtupu. Je, ni sawa? Lugha inakwambia watoto walilelewa wakisema nini. Haikwambii baba ya kila mtoto alizaliwa wapi.

Punje iliyoungua

Elimu nyingine ni ya mimea. Punje ya nafaka ikiungua jikoni, huweza kukaa ardhini zaidi ya miaka elfu bila ya kuoza. Mwaka 2016 Alison Crowther na wenzake walitangaza matokeo ya kuchunguza punje kama hizo kutoka sehemu 18 za kale, za pwani ya Afrika Mashariki, visiwa vyake, Ngazija na Bukini. Kwa upande wa pwani yetu na visiwa vya karibu, waliona zaidi mazao ya Kiafrika kama mtama na mawele. Bukini na visiwa vya Ngazija waliona zaidi mpunga, pojo na pamba, mazao yaliyotoka Asia.

Kina mama wanaopika wali kila Ijumaa watashangaa, si ndio? Wali tunaouona ni chakula chetu cha asili haukuwa chakula kikuu cha kila mji wa mwanzo. Mtu wa Pwani wa zamani alikuwa akivua samaki, akila mtama kama ndugu yake wa bara, huku akinunua vyombo vya Kichina. Yote kwa pamoja.

Kilichokutwa katika mifupa

Ikaja elimu ya chembe za urithi, DNA. Tarehe 29 Machi 2023, jarida la Nature lilichapisha utafiti ulioongozwa na kundi la wataalamu, miongoni mwao mwanaakiolojia Mkenya, Profesa Chapurukha Kusimba, aliyefanya kazi Pwani kwa miongo mingi. Walichunguza DNA ya watu 80 wa zamani. Wengi walizikwa kati ya mwaka 1250 na 1800 katika miji sita ya pwani, ikiwemo Mtwapa, Manda, Faza na Kilwa. Wengine ni wa mji mmoja wa bara, waliochunguzwa ili kulinganisha.

Kuna sehemu ya DNA ambayo mtoto huipata kwa mama peke yake, na kuna nyingine ambayo baba humpa mtoto wa kiume peke yake. Hapo ndipo siri ilipofunguka. Upande wa mama, watu wengi waliochunguzwa walikuwa na asili ya Kiafrika. Upande wa baba, wengi walikuwa na asili ya Asia, hasa Uajemi, na kwa uchache Bara Hindi. Kuchanganyika kwenyewe kulianza yapata mwaka 1000. Baada ya mwaka 1500 ndipo asili ya Kiarabu ikaongezeka.

Sasa kumbuka ile tarikh ya Kilwa iliyoandikwa katika karne ya 16, inayosimulia watu wa Shiraz waliokuja na majahazi saba. Wasomi wengi waliiona ni hadithi tu. Mifupa haikuthibitisha majahazi saba, wala jina la sultani fulani. Lakini ilionyesha kwamba wazee waliosimulia wazazi kutoka Uajemi hawakuota ndoto.

Na hapa tena pana mtego. Makaburi mengi yaliyochunguzwa yalikuwa ya watu wenye uwezo, waliozikwa karibu na misikiti na majumba ya mawe. Aliyeishi nyumba ya udongo na makuti, mvuvi, mkulima, mtumwa, hayumo kwa wingi katika hesabu hiyo. Anayesema "DNA imethibitisha Waswahili wote ni Waajemi" hakuusoma utafiti. Na anayesema "imethibitisha hakuna Uajemi" naye hakuusoma.

Tujumlishe

Tuviweke vipande pamoja. Msikiti wa Shanga ni wa karne ya 8, na mchanganyiko mkubwa wa damu ulianza yapata mwaka 1000. Kwa hiyo palikuwa na watu wakiswali katika pwani hii, wakipikia vyungu vya kienyeji, kabla ya mchanganyiko huo. Kisha wakaja wanaume wa ng'ambo, wakaoa. Watoto wakachukua lugha ya mama zao, na ndiyo maana Kiswahili kilibaki Kibantu. Kutoka kwa baba wakapata nasaba za kusimuliwa, na biashara za ng'ambo zikapanuka.

Hakuna elimu hata moja kati ya hizi ambayo ingelituambia haya peke yake. Na mwenye kumtupia ndugu yake tusi la asili, huyu "mgeni", huyu "wa bara", amekamata kipande kimoja na kukifanya rungu. Wewe unayekataa posa ya kijana mcha Mungu kwa sababu nyanya yake alikuwa Mgiriama, huenda nyanya yako wa miaka elfu alikuwa jirani yake. Dini yetu haikumpima mtu kwa nasaba tangu mwanzo. Leo hata maabara imetunyima kisingizio.

Zamu yetu

Najua swali lililo moyoni mwa wengi: kufukua makaburi ya Waislamu yafaa? Hili ni swali la haki na halitaki kufichwa. Lina upande wa maulamaa na lina upande wa sheria. Nchini Kenya, kuchimba mahali pa kale kunahitaji idhini chini ya sheria ya makavazi na turathi ya mwaka 2006, na mtafiti anatakiwa kuwa na kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu. Lakini kibali cha Nairobi hakitoshi ikiwa mji haukuulizwa. Tuwe na ujasiri wa kumuuliza mtafiti kwa adabu: Nani amekuruhusu? Mifupa itapelekwa wapi, na itarudi kuzikwa lini? Matokeo tutasomewa kwa Kiswahili?

Na maswali hayo yatakuwa na nguvu ikiwa kwenye meza ile, upande wa watafiti, amekaa mtoto wetu. Hapa ndipo penye kazi. Mtoto akisema anataka kusoma akiolojia, isimu au elimu ya mimea, mzazi humuuliza, "Utakula nini?" Mzazi, tusimvunje moyo. Chuo Kikuu cha Pwani kipo Kilifi, mlangoni kwetu. Magofu ya Ghedi, ambayo UNESCO iliyatia katika orodha ya turathi za dunia mwaka 2024, yako kwetu. Tukiwaachia wengine kusoma, tutabaki kuwa watu wa kuchunguzwa tu.

Wala si lazima uwe na shahada. Marehemu Ustadh Ahmed Sheikh Nabhany, aliyefariki mwaka 2017 na aliyetuachia neno runinga, alikuwa bahari ya lugha na tungo za kale, na maprofesa walimfuata kwa elimu hiyo. Basi katika siku hizi zilizobaki za Ramadhan, fanya mambo matatu. Kaa na bibi au babu baada ya futari, umrekodi kwa simu: majina ya mitaa, ya samaki, ya dawa, ya pepo za bahari. Tazama sandukuni kama kuna hati za zamani za khati ya Kiarabu, uzitoe penye unyevu na mchwa. Na ukiona mawe ya gofu au ya kaburi la kale yanang'olewa kwenda kujengea, toa habari kwa ofisi ya makavazi iliyo karibu nawe. Jiwe likishaondoka mahali pake, hakuna elimu itakayoweza kulisomesha tena.

Mwenyezi Mungu atutakabalie saumu zetu, na atuzidishie elimu yenye manufaa.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam aleykum warahmatullahi wabarakatuh.