Ziwa la Mjane: Homa ya Matumbo, Mabomba na Sheria



Tarehe 3 Agosti 1858, Mwingereza John Hanning Speke, aliyechoshwa na safari na kusumbuliwa na macho, alisimama juu ya kilima karibu na Mwanza akaliona ziwa hili ambalo wenyeji walikuwa wamekwisha kuliita Nyanza, naye akalipa jina la malkia wake, Victoria. Siku moja tu kabla yake, kule London, ilikuwa imepita sheria ya kuruhusu fedha zikopwe kwa ujenzi wa mifereji mikubwa chini ya ardhi, kwa kuwa mto Thames, uliopokea kinyesi cha mji mzima, ulikuwa umenuka majira hayo ya joto hata wabunge wakashindwa kustahimili kukaa barazani mwao. Miaka mitatu baadaye, tarehe 14 Desemba 1861, mume wa malkia huyo, Albert, alifariki dunia, na tabibu wake William Jenner akatamka kwamba ni homa ya matumbo. Wako wanahistoria wa leo waitiliao shaka hukumu hiyo; walakini watu wa zama zile waliikubali. Mwaka 1864 msafiri mwingine, Samuel Baker, akalipa ziwa lililo magharibi ya Uganda jina la marehemu. Basi maziwa mawili ya nchi zetu yakabeba majina ya mjane na mumewe, naye mume, kwa kauli ya tabibu wake, aliuawa na maradhi yasafiriyo ndani ya maji na chakula.

Nimeanza na jamaa ya kifalme kwa sababu homa ya matumbo ilikuwa mwalimu mkali wa jambo moja ambalo ndilo nililokuja kulisema: kwamba mtu hawezi kujinunulia peke yake usalama wa maji. Mwaka 1871 mrithi wa ufalme, mwana wa Albert, alikwenda kukaa mgeni katika nyumba ya bwana mmoja mkubwa huko Scarborough, akarudi na homa hiyo na kukaribia mauti. Mgeni mwenziwe, Lodi wa Chesterfield, alikufa. Na mchunga farasi wa mrithi huyo akafa vilevile. Mifereji mibovu haikuuliza nani anakula mezani na nani analala zizini.

Aliyelifahamu jambo hili mapema kuliko wengi alikuwa tabibu wa mashamba, William Budd, ambaye mwaka 1839 katika kijiji cha North Tawton aliwatibu wagonjwa zaidi ya themanini, akawafuata mmoja baada ya mmoja, akiuliza nani alimuuguza nani, na nani alihamia kijiji gani kabla homa haijazuka huko. Alikuwa na tunu ambayo tabibu wa mji mkubwa hana: aliwajua watu wote kwa majina. Akahukumu kwamba sumu ya maradhi hutoka na choo cha mgonjwa na kuingia katika maji ya wazima, akaamuru choo hicho kitiwe dawa ya kuua sumu kabla ya kumwagwa. Kitabu chake kilitoka mwaka 1873. Kijidudu chenyewe kilikuwa hakijaonekana. Karl Eberth alikiona mwaka 1880, na Georg Gaffky akakiotesha mwaka 1884.

Tuzingatie mpangilio wa miaka hiyo. Sheria kuu ya afya ya umma ya Uingereza ni ya mwaka 1875. Iliwalazimisha wenye mamlaka wa kila wilaya kushughulikia maji na mifereji, na kuwa na tabibu wa afya. Kufikia mwisho wa karne vifo vya homa ya matumbo vilikuwa vimepungua takriban kwa nusu, na dawa ya kwanza iliyoweza kukiua kijidudu hicho mwilini ilipatikana mwaka 1948 tu. Ushindi ulikuwa wa mafundi wa mabomba, wa walipa kodi walionung'unika, na wa wakaguzi waliogonga milango ya watu wasiowataka.

Wala tusidhani kwamba hekima hiyo ilikuwa ya Ulaya tu. Unguja, baada ya kipindupindu cha mwaka 1869 na 1870, ambacho tabibu James Christie alikifuatia njia zake hata akakiandikia kitabu, Sultani Barghash alileta mjini kwa mabomba maji ya chemchemi za upande wa Bububu, akawapa raia bila malipo.

Turudi nyumbani. Musoma ni mji uliojichomeka ndani ya ziwa, na mama yetu aliteka maji Mwigobero alfajiri, kabla wavuvi hawajateremsha dagaa, akiamini kwamba maji yaliyolala usiku kucha yametulia na kusafika. Imani hiyo siioni kuwa ujinga. Matabibu wengi wa London walioshika vyeti vikubwa waliogopa harufu, wakayanywa maji bila hofu.

Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama hii, aliuelewa usalama wa maji kama jambo la dola. Mwaka 1971 serikali yake ilijiwekea ahadi ya kuwafikishia wananchi wa vijijini maji karibu na makazi katika miaka ishirini. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili mbele ya redio, na vyoo vikachimbwa. Ahadi ile ya maji haikutimia kwa muda wake. Leo bomba la Mugango linapanda hadi Kiabakari na Butiama, na bomba la Nyabehu linapeleka maji ya ziwa Bunda. Nayafurahia kwa moyo wote. Bali bomba lipelekalo maji yasiyotiwa dawa sawasawa huweza kukigawa kijidudu kwa haraka kuliko dumu.

Na hapa nina huzuni. Mimi mwenyewe katika mwaka mmoja niliambiwa mara tatu, katika zahanati moja, kwamba nina homa ya matumbo, kila mara kwa kipimo cha Widal, kipimo cha mwaka 1896, ambacho hutafuta alama za kinga katika damu na huweza kudanganywa na maradhi yaliyopita au ya jamaa nyingine. Ukweli hupatikana kwa kuotesha damu, kama ilivyofanywa Pemba, ambako kijidudu hiki kilionekana kweli na kwa wingi. Kwa hiyo sisemi kwamba maradhi hayapo. Nasema kwamba tunamhesabu mtu asiye nayo, tunamkosa aliye nayo, kijidudu kinazoea dawa, na kisima kinabaki vilevile.

Naomba jambo moja dogo. Daftari la homa la zahanati na daftari la klorini la mamlaka ya maji yawekwe juu ya meza moja kila mwezi, kuanzia Mwigobero hadi bomba la mwisho la Butiama, na kijana mmoja wa chuo, mwenye kuwajua watu kwa majina, akae hapo na kuyasoma pamoja.