Jina la dada liandikwe pia

Wandugu na wadada wa Butembo na Beni,

Maharagi na mihogo tunayokula mjini, ni wamama wengi wanailima. Lakini bwana akifariki, mara nyingi shamba linarudi kwa familia ya bwana. Wanatuambia: ni desturi.

Na sheria je? Sheria ya Familia ya 1987 inasema msichana anariti sawa na mvulana. Tangu 2016, mke haombi tena ruhusa ya bwana ili asaini mkataba. Sheria ya udongo ya 1973 iliacha mashamba ya desturi yangojee amri ya Rais. Tumengojea miaka na miaka.

Vijana wanaume, baba akigawa mashamba, ombeni jina la dada yenu liingie kwenye karatasi, mashahidi wasaini. Tusingojee Kinshasa.