MONITA ACHAGULIWE KWA KURA, SI KWA FIMBO

(Maneno yaliyosemwa na mwandishi wetu wa kujitegemea mbele ya vijana wa tawi, jijini Dar es Salaam)

Najua wengi mlitegemea niwaseme vigogo. Leo namsema monita wa darasa la nne. Msicheke.

Muulize mtoto wa shule ya msingi maana ya demokrasia. Atakujibu kama kasuku, maana imo kwenye masomo yake na mtihani unakuja. Sasa muulize monita wao walimpataje. Mara nyingi utasikia mwalimu alimtaja tu. Anasimamishwa mtoto mmoja mbele, linaulizwa swali, "Mnamkubali?", darasa zima linaitikia "Ndiyooo!" Nani atasema hapana na fimbo iko mezani?

Wazee wetu wanaijua staili hiyo. Kuanzia 1965 hadi 1990 mgombea urais alikuwa mmoja, kazi yako kuweka Ndiyo au Hapana. Vyama vingi vimerudi 1992, tukapiga kura 1995, lakini darasani bado ni 1965.

Wapo walimu waungwana wanaowaacha watoto wanyooshe mikono. Ni afadhali, ila haitoshi. Yule mbabe wa dawati la nyuma anaangalia nani kamnyima. Kenya mwaka 1988, katika mchujo wa KANU, watu walipangwa mistari nyuma ya wagombea, na kuna mahali mstari mfupi ndio uliotangazwa mshindi! Kura ya wazi ina mambo yake.

Kinachotakiwa ni karatasi za daftari zilizokatwa vipande na boksi la chaki lililotobolewa. Kila mtoto aandike jina peke yake, akunje, atumbukize. Kisha wahesabu watoto wenyewe, kwa sauti, mmoja akichora vijiti ubaoni. Aliyeshindwa asimame karibu aone kila karatasi. Mtoto aliyeona hivyo mara tatu au nne, siku akiwa wakala kituoni hutamdanganya kirahisi.

Na akitokea mgombea anayegawa ubuyu? Hapo ndipo somo linanoga. Mwalimu asimchape, awaulize wenzake: huyu ubuyu anautoa wapi, na akishapata umonita ataurudishaje? Wakubwa waliihalalisha takrima kwa sheria mwaka 2000, na Mahakama Kuu ikaifuta 2006. Ilituchukua miaka sita kujibu swali la ubuyu.

Wasichana nao wapigiwe kura za umonita, si za kufagia tu.

Msiambiwe kuwa hii ni siasa shuleni. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ana haki ya kutoa maoni na kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Na huyo wa darasa la saba ana miaka kama 13. Baada ya miaka mitano anashika kadi ya mpiga kura.

Nanyi mnaosema "mimi sina mtoto", wadogo zenu wako wapi? Mkutano wa wazazi ukiitishwa msiwaachie akina mama peke yao. Ruzuku ya shule ya msingi imepangwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Ulizeni kamati ya shule imefika ngapi na imenunua nini, na mwende na mtoto asikie mkiuliza. Kisha muulizeni mwalimu mkuu, kwa heshima zote, uchaguzi wa monita ni lini.