Mkono ni Ule Ule

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wageni wao, Nakivubo, Kampala





Nimeombwa niseme maneno machache juu ya mazoea yetu ya kila siku katika maisha haya ya kisasa. Nilipopewa kazi hii nilidhani nitasema, kama ilivyo kawaida ya watu wa umri wangu, juu ya mavazi ya vijana, simu zao, na namna wasivyoamkia wakubwa. Hayo ni mepesi kuyasema, kwa kuwa ni makosa ya watu wengine. Lakini nilipokaa kuandika nikaona ya kuwa mtu anayetaka kuyapima mazoea hana budi aanze na lile alilonalo mwenyewe. Basi leo nitasema juu ya mkono wangu.

Siku moja, baada ya sala ya alasiri, nilitoka msikitini pamoja na mtoto wa ndugu yangu, umri wake miaka tisa. Kabla ya sala nilikuwa nimemsimamia alipokuwa akitawadha. Nilimwonyesha namna ya kupitisha maji baina ya vidole, nikamhimiza asisahau visigino, nikamkataza kuacha bomba wazi. Alifanya vizuri, nami nikafurahi, nikamnunulia karanga na mimi nikajinunulia. Muuzaji alizitia katika vifuko vya nailoni, hivi tunavyoviita kaveera. Tukaenda tukila na kuzungumza mpaka tukafika penye mfereji wa Nakivubo. Nilipomaliza karanga zangu niliukunja mfuko, nikautupa mferejini bila ya kutazama, nikaendelea na mazungumzo yangu.

Baada ya hatua chache niliona nasema peke yangu. Nikageuka. Mtoto alikuwa amesimama ukingoni, amemaliza karanga zake, naye ameukunja mfuko wake vile vile kama nilivyoukunja mimi. Akautupa, akautazama mpaka ulipoingia majini, kisha akaja mbio kunifuata, uso wake umejaa furaha kama mwanafunzi aliyemaliza somo.

Sikumwambia neno. Ningemwambia nini? Somo la kutawadha nilimfundisha kwa mdomo. Somo la pili nilimfundisha kwa mkono. Na mtoto hushika zaidi lile la mkono.

Usiku ule nilijiuliza: mfuko ule umekwenda wapi? Sisi tunaokaa hapa tumezoea kuuona mfereji kama mwisho wa mambo. Kitu kikiingia mle, kwetu kimekwisha. Lakini mfereji si shimo, mfereji ni njia. Maji yake hupita karibu na soko la Owino, hushuka upande wa viwanda na Namuwongo, hufika Bugolobi, huingia katika bwawa la mafunjo, na mwisho humwagika katika Ghuba ya Murchison, katika Ziwa Victoria. Na katika ghuba hiyo hiyo, upande wa Ggaba, ndiko yanakovutwa maji ya kunywa ya Kampala tangu zamani. Hapo husafishwa kwa dawa, hupandishwa kwa mashine, na hurudi mjini katika mabomba.

Tafadhalini, ndugu zangu, litazameni jambo hili polepole. Maji tunayotilia udhu, kwa sehemu kubwa, yametoka katika ziwa lile tunalolipelekea taka zetu. Bila shaka mafundi huyasafisha, nasi twawashukuru. Lakini kadiri ghuba ilivyozidi kuchafuka, ndivyo kazi yao ilivyozidi kuwa nzito na ya gharama, hata ikalazimu kujengwa kituo kingine mbali huko Katosi, wilaya ya Mukono, ili kupata maji yaliyo mazuri zaidi. Zamani mafunjo yalikuwa yakichuja uchafu mwingi bure, bila ya mshahara. Nayo tumeyapunguza kwa kulima na kujenga.

Sasa nataka kuuliza: je, sisi ni watu wachafu kwa asili? Nasema hapana. Mimi ninayakumbuka majani ya mgomba. Nyama ilifungwa katika jani la mgomba, chakula cha safari kadhalika, na mtu akienda sokoni alichukua kikapu chake kutoka nyumbani. Ukimaliza kula ulitupa jani popote, na halikuwa kosa. Mbuzi alilila, au mvua ililiozesha, na baada ya siku chache likawa udongo. Mkono wetu ulijifunza kutupa katika zama ambazo kitu kilichotupwa kilirudi ardhini chenyewe.

Kisha ukaja mfuko wa nailoni, mwepesi, wa bei ndogo, usiovuja. Ukafuatwa na chupa ya plastiki. Tukavipokea vyote, na vina manufaa yake. Lakini mkono ulibaki ule ule. Tulibadili chombo, hatukubadili tendo. Jani huoza kwa siku chache. Nailoni hutuzidi umri sisi na watoto wetu. Tunaitupa kana kwamba ni jani, kisha tunastaajabu mvua inaponyesha saa moja tu na maji yakajaa mpaka penye mnara wa saa, yakaingia madukani. Maji hayakukosa adabu. Yamefika yakakuta njia yao imezibwa.

Hili ndilo ninalotaka mlichukue leo. Si kila zoea baya lilizaliwa baya. Mengine yalikuwa mazuri, au hayakuwa na dhara, mpaka dunia ilipobadilika chini yake. Kwa hiyo haitoshi kusema, "Hivi ndivyo tulivyowakuta wazee wetu wakifanya." Wazee wetu walitupa majani. Lau wangekuwa na nailoni mikononi mwao, pengine wangefikiri njia nyingine.

Liko na jambo la pili, nalo ni aibu. Katika mji huu mtu mwenye heshima zake huona haya kuonekana ameshika taka. Akiwa katika gari, hufungua kioo akarusha chupa, ili gari lake libaki safi. Akiwa katika arusi au matanga, huacha chupa na mabaki ya chakula pale alipoketi, kwa kuwa kuokota ni kazi ya watu wadogo. Na wale akina mama wanaofagia barabara za Kampala kabla hakujapambazuka, wengi wetu hatujapata kuwapa salamu. Nauliza tena: aibu ni ipi? Kushika mfuko mchafu mpaka ufike penye pipa, au kumwachia mama wa watu auokote nyuma yako?

Masheikh wetu waliopo watanisahihisha nikikosea, lakini tulivyofundishwa chuoni ni kuwa Mtume wetu (S.A.W.) alihesabu kuondoa kitu chenye kudhuru njiani kuwa ni katika imani, na aliwaonya watu wasichafue mahali watu wanapochota maji, wala njia wanayopita, wala kivuli wanachopumzikia. Maji, njia, kivuli. Yote matatu si mali ya mtu mmoja. Sisi tumeisoma milango ya tohara tangu utotoni, twajua kiasi gani cha maji kinatosha na kitu gani kinatengua udhu. Lakini tumeifanya tohara iishie penye ngozi zetu. Mtu hutoka msikitini ametwahirika, na hatua ishirini mbele akayachafua maji ya wengine, wala haoni kuwa amefanya jambo.

Watasema wengine: hii ni kazi ya Serikali. Ni kweli, Serikali ina kazi yake. Hapa Uganda mifuko myembamba ilipigwa marufuku katika mwaka 2009, lakini haikuondoka madukani wala mikononi. Jirani zetu wamefika mbali zaidi. Rwanda iliikataza mwaka 2008, Kenya mwezi wa Agosti 2017, Tanzania Bara mwezi wa Juni 2019, na leo katika nchi hizo mtu huenda sokoni na kikapu au mfuko wa kitambaa na haoni taabu. Watu wale hawakuumbwa kwa udongo mwingine. Walilazimishwa kidogo, wakalalamika kidogo, kisha wakazoea. Hiyo ni dalili kuwa zoea si chuma.

Na mtu asidhani kuwa taka ikichukuliwa na gari, basi mambo yamekwisha. Mnakumbuka Jumamosi ya tarehe 10 Agosti 2024, huko Kiteezi, mlima wa taka za Kampala ulipoporomoka baada ya mvua, ukazifukia nyumba na watu waliokuwa ndani. Walikufa zaidi ya watu 30. Mlima ule ulikuwa ukipokea taka za mji tangu mwaka 1996. Ulikuwa na mfuko wako na mfuko wangu. Kwa hiyo kutupa penye pipa ni bora kuliko kutupa mferejini, lakini bora zaidi ni kutokuchukua kile ambacho dakika kumi baadaye utakitupa.

Sasa nataka kusema neno ambalo huenda lisipendeze. Si haki kumlaumu mpangaji wa Kisenyi au Namuwongo anayekaa chumba kimoja na watoto watano, asiye na pipa, wala njia ya gari la taka kufika mlangoni pake, wala fedha za kulilipa. Yeye akitupa mferejini, amesukumwa. Lakini wenye nyumba zile wanajulikana, na baadhi yao huketi pamoja nasi katika safu ya mbele. Kodi inapokelewa kila mwezi. Yafaa pipa na choo vihesabiwe kuwa ni sehemu ya nyumba, kama vile mlango na paa. Hatuwezi kumtaka mnyonge awe msafi mahali ambapo sisi tumemnyima pa kuutia uchafu.

Nimemaliza kulaumu. Naomba tuanze na mambo manne yaliyo ndani ya uwezo wetu. Kwanza, katika shughuli za chama hiki, Maulidi, arusi na khitma, maji yagawiwe kwa mabirika na bilauri, kama ilivyokuwa zamani. Vijana waoshe, na sisi wazee tusaidie. Pili, kila nyumba ya mwanachama iwe na kikapu cha sokoni, na atakayekisahau arudi kukichukua. Tatu, msikiti uwe na mapipa, na baada ya kila mkutano tusiondoke mpaka mahali petu pawe safi kuliko tulivyopakuta. Nne, wenye nyumba za kupangisha wakutane, wakubaliane juu ya mapipa na gari la kuchukua taka.

Ama mimi, sina la kujisifia. Baada ya siku ile nilianza kutia vifuko vyangu mfukoni mwa koti mpaka nifike nyumbani. Siku za kwanza mkono ulinishinda mara nyingi; ulitupa kabla akili haijaamka. Mara mbili nilirudi nyuma nikaokota, watu wakinitazama kama mtu aliyepoteza fedha. Yule mtoto aliniuliza mbona nafanya hivyo. Nikamwambia ukweli: kwamba siku ile nilimfundisha vibaya. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama ule mfuko wake wa karanga ungali ziwani. Nikamjibu kuwa huenda bado uko huko.

Tangu siku hiyo hutia vyake mfukoni. Na siku ninaposahau, hunishika mkono.

Namwomba Mwenyezi Mungu atusafishie nyoyo na mikono, na atupe nguvu ya kuyatenda haya tunayoyasema. Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.