Habari za Ndege na Fundisho la Njia ya Misafara



Tabora ilikuwa njia panda ya habari kabla haijawa njia panda ya reli. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo ilipita Mpwapwa na Ugogo, ikatua Unyanyembe, kisha ikaendelea Ujiji. Msafara haukuweza kufuata njia hiyo bila habari. Je, visima vina maji? Hongo ya Ugogo imefika doti ngapi? Pembe na merikani zina bei gani? Kwa mpagazi wa Kinyamwezi na kwa tajiri mwenye mali, majibu ya maswali hayo yalikuwa sehemu ya safari yenyewe. Aliyeyakosa aliweza kupoteza mali, na pengine roho.

Mwaka 1871 alipita hapa mwandishi wa gazeti la New York Herald, Henry Morton Stanley. Ulimwengu humkumbuka kwa habari moja, kwamba alimkuta Dkt. Livingstone kule Ujiji. Lakini kabla ya hapo Stanley alikwama Kwihara kwa miezi kadhaa, kwa kuwa vita baina ya Mirambo na wafanyabiashara wa Kiarabu vilikuwa vimeziba njia. Kwa msomaji wa New York habari ilikuwa mzee mmoja aliyepatikana. Kwa watu wa Unyanyembe habari ilikuwa njia iliyofungwa.

Uandishi wa habari za usafiri wa anga bado umesimama katikati ya mambo hayo mawili. Tangu mwaka 2016, Serikali ilipoanza kulinunulia upya Shirika la Ndege la Tanzania ndege mpya, magazeti yamejaa picha za mapokezi. Wananchi wana haki ya kufurahi, maana mali ni yao. Lakini ndege siyo shirika la ndege. Shirika ni biashara ya viti, mafuta, vipuri na saa za kuruka. Kiti kilichoruka kitupu leo hakiuzwi tena kesho. Ndege iliyolala chini haiingizi hata senti moja, ilhali bima, mishahara na kodi ya ndege yenyewe vinaendelea kudaiwa.

Historia inatoa onyo. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1946, lilikufa mwaka 1977 kwa madeni na kwa ugomvi wa nchi wanachama. Air Tanzania ikazaliwa mwaka huo huo. Mwaka 2002 asilimia 49 ya hisa zake ziliuzwa kwa Shirika la Ndege la Afrika Kusini, na ubia ule ukavunjika mwaka 2006. Desemba 2008 likazuiwa kuruka kwa muda kwa sababu za usalama. Kila mara msomaji aliona paa likianguka bila kuwa ameambiwa lini nguzo zilianza kuliwa na mchwa.

Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alionyesha kwamba hasara ya shirika ilipanda kutoka shilingi bilioni 35 hivi katika mwaka 2021/22 hadi bilioni 56 na zaidi mwaka 2022/23. Gazeti linalotaja tarakimu hizo tu na kunyamaza limefanya nusu ya kazi. Hapana budi lieleze pia kwamba ndege aina ya Airbus A220 zilisimama kwa matatizo ya injini, yaliyowakumba hata wenye ndege hizo huko Ulaya. Kisha liulize: mkataba wa injini unasemaje? Nani anabeba gharama ya siku za kusimama? Maswali hayo si uadui kwa shirika la umma. Ndiyo ulinzi wake.

Nchi zilizotangulia zilitambua jambo hili mapema. Gazeti la Flight lilianza London mwaka 1909, wakati watu wengi walikuwa hawajaona ndege kwa macho yao.

Kwa hiyo wahariri wawape waandishi muda wa kujifunza kusoma mizania na mikataba. Walimu nao wawafundishe vijana kusoma taarifa ya hesabu kama wanavyofundishwa kusoma ramani. Mwananchi aliyelipia ndege kwa kodi yake anastahili kujua kama njia iko wazi.